Kuonja kwa Bi Somoe

“Nimesema sili,” Bi Somoe alirudia, na safari hii akalifunika bakuli kwa kiganja chake kikavu. “Utajichosha bure, Mama Hidaya. Rudisha uji wako ulikotoka.”

Nilimwambia uji haurudi ulikotoka. Akaniambia nisimletee maneno ya chuo. Nikamwambia chuo hakihusiki hapa, zinazohusika ni mbavu zake, ambazo nimetoka kuziogesha sasa hivi na ningeweza kuzihesabu nikiwa nimefumba macho. Akasema mbavu ni zake, na akauliza tangu lini mgeni akahesabu mbavu za mwenyeji.

Nikabadilisha njia. Nikamwambia basi asinywe, aonje tu, aniambie kama sukari imekolea.

Aliniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto aliyekamatwa na uongo mdomoni. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye utepe wa kijani aliovishwa na serikali.

“Kuonja kwangu siku hizi kuna utaratibu,” akasema. “Mfano wa Taifa hali uji uliofichwa kwenye ndoo ya nguo. Au unataka nivuliwe cheo? Kama ni wivu, sema ni wivu, tujue.”

Nje, mlinzi wa Bi Somoe alikohoa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha serikali akila mishikaki. Wizara ilimpa posho ya chakula kwa sababu kulinda njaa ni kazi inayotia njaa. Nikafunga mdomo. Bi Somoe akageukia ukuta. Uji niliunywa mwenyewe nyuma ya mlango huku nalia, kwa kuwa chakula hakimwagwi.

*

Msomaji wa mbali atauliza hii ni nchi gani. Ilikuwa na jina, tena zuri, lenye silabi za kutosha. Lilifutwa mwaka wa Kubana Wino, ilipogundulika kwamba kila barua ya serikali inalitaja mara kadhaa, na barua za serikali ni nyingi kwa sababu hazijibiwi. Tangu hapo tunaandika “hapa”. Wageni wanagongewa muhuri wa “hapa”, na wakirudi kwao wanasimulia kwamba walikuwa “kule”.

Waziri kamili hatuna, alionekana ghali. Badala yake tuna manaibu, wengi mno, na hakuna aliyewahi kuwaona wote wamekaa kwa pamoja, maana viti havitoshi. Mmoja wao anaongoza Wizara ya Kubana Matumizi ya Nyumbani. Nyumbani maana yake kwetu. Nyumba zao ziko chini ya wizara nyingine, na hiyo haibani.

Kila jioni redio inatoa ushauri. Tuliambiwa njiti ya kiberiti ipasuliwe mara nne kwa wembe, hatukuambiwa wembe utoke wapi. Tuliambiwa familia ioge kwa povu moja, baba akimaliza ampake mama, mama ampake mtoto. Tuliambiwa chumvi isitiwe tena kwenye mboga, iwekwe kwenye kisahani katikati ya walaji na itazamwe. Ushauri huo unatungwa kwenye jengo lenye viyoyozi vinavyonguruma mchana kutwa, kwani mtu hawezi kuwaza kubana huku anatoka jasho.

Mimi sipingi kubana. Nina stashahada ya sayansi kimu, na nimelea watoto kwa kipato cha fundi cherehani. Nikinunua mche wa sabuni naukata vipande siku hiyo hiyo, navianika juu ya kabati mpaka vikauke, kwa sababu sabuni kavu haiyeyuki ovyo. Maharage nayaloweka tangu jana yake. Yakishachemka vizuri naepua sufuria, naitia kwenye kapu lililojaa matambara, yanaivia humo bila mkaa. Vumbi la mkaa nalichanganya na udongo, nafinyanga matonge, naanika, napikia. Sioni aibu wala sioni sifa. Lakini kubana ni kazi ya mtu mwenye kitu. Asiye na kitu habani. Anakosa.

Tofauti hiyo Wizara haikuwahi kuielewa, na ilikuwa na wataalamu.

*

Bi Somoe hakuwa na kitu. Chumba chake, cha mwisho kwenye uchochoro wetu wa Vibanzi, aliachiwa na marehemu mumewe. Watoto aliowazaa aliwazika wote. Enzi zake alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, popote palipowekwa masufuria yanayokorogwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, Bi Somoe alikuwepo. Wapishi wenzake walikuwa wakimaliza wanasimama kando, wanangoja atie ncha ya ulimi. Akisema tayari, ndiyo tayari. Asiposema, bwana harusi na angoje.

Mtu wa namna hiyo humpelekei sahani iliyofunikwa kawa. Mama Shukuru, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alijaribu alipohamia, hajajua mambo ya hapa. Bi Somoe aliipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru sana, akatoka nayo nje, akawamwagia kuku. Kisha akaiosha, akairudisha.

Kwa hiyo Vibanzi ilikuwa na desturi yake, ambayo hakuna aliyeitunga na hakuna aliyewahi kuitamka. Mchana mmoja wetu anatoka na sufuria huku analalamika mpaka uchochoro mzima usikie. Mchuzi huu umenishinda, sijui ni chumvi, sijui ni ndimu, jamani, Bi Somoe yupo? Bi Somoe anaonja. Mchuzi mtupu haumpi jawabu, basi anaongezewa wali, ili ajue mchuzi unakaaje juu ya wali. Tena inabidi aonje na kipande cha samaki, kwa maana chumvi ya mchuzi siyo chumvi ya samaki. Akimaliza kuonja ameshiba, anafuta mdomo, anatoa hukumu. Hukumu ilikuwa moja siku zote. Ongeza chumvi kidogo.

Ulimi wake ulikuwa umekufa miaka mingi. Tunamjibu ahsante bibi, tunarudi na sufuria zetu, hatuongezi. Jioni inatoka nyumba nyingine. Hatukupangiana zamu, lakini sikumbuki siku sufuria mbili zilikutana mlangoni pake, wala siku ambayo haikwenda hata moja. Watoto wetu walilijua jambo hili kabla hawajajua kusoma, na hakuna aliyeropoka.

Yeye alituhurumia. Alikuwa akisema kizazi hiki cha wanawake kimesoma sana, lakini pasipo yeye mtaa mzima ungekula chakula chapwa.

*

Ndipo Wizara ikatuma Wakadiriaji nchi nzima kutafuta Nyumba ya Mfano, yaani nyumba inayotumia kidogo kuliko zote. Vibanzi tuliletewa Bwana Mtepa, mtu mpole, tai yake imeishia kifuani. Tai za watumishi zilikuwa zimekatwa nusu, na nusu zilizobaki zilikuwa zimehifadhiwa kwenye ghala lililojengwa kwa ajili hiyo.

Kwangu alitazama vipande vya sabuni juu ya kabati, akatikisa kichwa, akaandika kwamba hapa pana sabuni. Kwa Mama Shukuru alikuta kitunguu. Alipofika kwa Bi Somoe mimi nilikuwa humo ndani, nimekaa nyuma yake namsuka.

Aliuliza bibi ananunua unga kiasi gani. Hanunui. Mchele? Hanunui. Mafuta, sukari, mkaa? Bi Somoe akamwambia kijana, usijisumbue kuvitaja kimoja kimoja, mimi dukani sijui hata mlango umegeukia wapi. Bwana Mtepa akaacha kuandika. Akauliza kwa sauti ya chini, kama aliyejikuta ndani ya msikiti na viatu, sasa bibi anakula nini.

“Mimi sili,” Bi Somoe akamjibu, kifua mbele. “Mimi naonja.”

Alisema kweli kama alivyoijua. Nilikuwa na chanuo mkononi. Dirishani walikuwa wamesimama Mama Shukuru na wenzake wawili watatu. Ingetosha mmoja wetu aseme, ndugu, huyu tunamlisha. Lakini maneno hayo yangemfikia yeye kabla hayajamfikia Mkadiriaji. Tukanyamaza wote, kwa adabu. Hapa kwetu adabu imezika watu wengi, ila haiandikwi kwenye cheti cha kifo.

Bwana Mtepa alivua miwani, akajifuta macho. Alisema amezunguka nchi nzima akimtafuta mtu huyu.

*

Walikuja kumtunuku kwa bendi ya matarumbeta iliyopiga bila matarumbeta, wanajeshi wakivimbisha mashavu tu. Alivishwa utepe wa kijani na nishani iliyokatwa kwenye kifuniko cha kopo. Mlangoni pake pakapigiliwa kibao: NYUMBA YA MFANO. HAPA HAPATUMIKI KITU. Akapewa mlinzi.

Baada ya hapo wataalamu wakaandika. Waligundua kwamba tangu Adamu binadamu amekuwa akichanganya kuonja na kula, kosa dogo lenye gharama kubwa. Vipimo vya dukani vikabadilishwa. Unga ukawa unauzwa kwa kijiko cha kuonjea, mafuta kwa ncha ya kidole, na kidole kilikuwa cha muuzaji. Aliyelalamika aliambiwa akamtazame Bi Somoe.

Tena ikatoka sheria iitwayo Kila Mtu na Chungu Chake. Wizara ilikuwa imeona kwamba hesabu za mitaa hazilingani, kuna nyumba hazinunui chumvi na bado zina chumvi. Ikabainika kwamba wananchi wanaazimana. Nyumba moja inaomba kaa la moto, nyingine inaomba kitunguu, nyingine inaomba sufuria yenyewe. Hayo yakaitwa matumizi ya siri. Chakula kikivuka kizingiti cha nyumba moja kuingia nyingine, wenye nyumba zote mbili wanajibu mashtaka. Mlinzi wa Bi Somoe akaongezewa kazi ya kunusa sufuria.

Sufuria zikaacha kwenda. Mimi nilipata ruhusa ya kwenda kumwogesha, kwa kuwa wageni waliokuja kumtazama walilalamikia harufu, na ndipo nikawa naficha uji kwenye ndoo.

Lakini mlinzi hakuwa tatizo kubwa. Mlinzi angenunulika kwa mshikaki. Tatizo lilikuwa Bi Somoe mwenyewe. Watu walikuwa wanakuja kwa mabasi kumtazama. Wanafunzi wanapanga mstari, wanamwimbia. Alikuwa anakaa kizingitini na utepe wake tangu asubuhi, macho yanang’aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu nimjue.

Siku moja nikimpaka mafuta aliniambia jambo ambalo lilinikata maini. Alisema, “Miaka yote hii nilikuwa najiuliza, mtu nisiye na mtoto wala shamba, nitakufa naitwa nani. Nikijiona mzigo. Kumbe sikuwa mzigo wa mtu. Serikali imepiga hesabu, ikaona.”

Mimi ni mtu wa kusema. Mume wangu anasema nikifa nitaendelea kusema mpaka udongo uniingie kinywani. Siku ile nilimaliza mafuta, nikaosha mikono, nikatoka.

*

Usomi wangu ulinituma Wizarani. Dirisha la malalamiko huko linafunguliwa nusu, na mlalamikaji anatakiwa aseme nusu ya alichokuja nacho, nusu nyingine akaimalizie nyumbani. Nilisema Bi Somoe anakufa. Karani akaniuliza hiyo ni nusu ya kwanza au ya pili. Nikampita, nikapanda ngazi.

Bwana Mtepa alikuwa amepandishwa cheo, tai yake sasa inafika kitovuni. Alinikaribisha vizuri, akanionyesha mchoro ukutani. Palikuwa na mstari mwekundu unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Akasema huo ni uzito wa Bi Somoe, na kwamba ofisi nzima inaufuatilia kwa furaha.

Nilimuuliza mstari ukifika chini itakuwaje. Akasema watakuwa wamefikia lengo.

Nikamwambia bibi huyo haamki tena bila kushikwa mkono. Akasema hilo nalo limeonekana, anabana hatua. Nikamwambia nywele zake zinatoka na chanuo. Akauliza kama chanuo ni lake au la kuazima. Nilimtazama usoni nikitafuta kama anafanya mzaha, nikaona hafanyi. Alikuwa na macho ya mtu mwema. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, Siku ya Kuonja imekaribia, Naibu Waziri mwenyewe anakuja Vibanzi, na Bi Somoe atapewa nafasi ya kuliambia taifa siri ya mafanikio yake.

Nilirudi nikamweleza mume wangu. Baba Hidaya ni mtu wa maneno machache, anashona kanzu na anafikiri kwa kasi ya cherehani ya miguu. Alishona mshono mzima kabla hajanijibu.

“Ukimwambia kwamba mlikuwa mnamlisha, utamvunja,” akasema. “Usipomwambia, atakufa. Sijui nikusaidieje, mke wangu.”

Nikamwambia hajanisaidia. Akasema anajua.

Kesho yake ndipo nilipojaribu ule uji niliousimulia, tukagombana, akanigeuzia mgongo.

*

Siku ya Kuonja uwanja wa shule ulijaa. Wananchi walikuwa wameamriwa kuja bila kifungua kinywa, amri iliyokuwa rahisi kutii. Naibu Waziri alifika na msafara wa magari, mengine yakiwa matupu, yamekuja ili yasipate kutu. Jukwaani paliwekwa meza yenye maji, matunda na karanga kwa ajili ya wageni rasmi, na pembeni ya meza kiti cha Bi Somoe. Walikuwa wamemfunga kiunoni kwa utepe wake ili asianguke, wakaufunga vizuri, kwa nyuma, mtu asione.

Nilikaa mstari wa mbele na Mama Shukuru. Jua lilikuwa kali na Bi Somoe hakuwa anatoka jasho.

Naibu Waziri alihutubia. Alianza kwa kusema “Ndugu wananchi wa hapa,” akaendelea kwa muda ambao ungetosha kuivisha makongoro. Alisema nchi tajiri zimeangamia kwa kutafuna. Alisema kinywa ni mlango wa umaskini. Alisema kuna watu wanadai taifa lina njaa, wakati ukweli ni kwamba njaa ndiyo yenye taifa, na taifa lolote linahitaji mwenyewe. Tulipiga makofi kwa vidole viwili viwili, kwani kofi zima lilipigwa marufuku, linachosha misuli. Alikula karanga katikati ya sentensi.

“Mtazameni mama huyu,” akasema. “Uzalendo wake unaonekana mpaka kwenye mifupa.”

Alitangaza kwamba serikali imeridhika na majaribio. Kuanzia mwezi unaofuata kila mzee wa nchi hii asiye na mtu atapewa cheo cha Mfano, kibao mlangoni na mlinzi. Watu walipiga vidole. Nyuma yangu nilisikia mwanamke akiuliza taratibu, hata mama yangu?

Bwana Mtepa akampelekea Bi Somoe kipaza sauti, akamwinamia, akamwomba aliambie taifa siri yake. Tulisikia pumzi yake kwenye spika kabla hatujasikia neno, pumzi nyepesi kama ya mtu anayepuliza uji wa mtoto.

“Sikumtegemea mtu,” Bi Somoe akasema.

Alitabasamu. Kisha shingo yake ikalegea, kichwa kikaanguka kifuani. Bwana Mtepa akakiinua kwa vidole, taratibu, mpiga picha akapiga picha.

Pale pale nikasimama. Mama Shukuru alinishika gauni, nikamtoa mkono. Sikwenda kwenye kipaza sauti, sauti yangu haijawahi kuhitaji mashine.

“Mheshimiwa, si kweli,” nikasema. “Bi Somoe tulikuwa tunamlisha sisi. Mchana na jioni, miaka yote. Tulikuwa tunajifanya hatujui chumvi. Mlipotukataza kumlisha, akaanza kufa. Hana siri nyingine.”

Uwanja ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia Naibu Waziri akimeza karanga. Sikumtazama. Nilimtazama Bi Somoe, ambaye alikuwa amefungua macho. Nimewahi kumwambia mwanamke kwamba mtoto wake hakupona. Ndio uso niliouona jukwaani.

Naibu Waziri alinong’onezwa kulia, akanong’onezwa kushoto, akasimama. Alisema serikali inampongeza mwananchi kwa ufafanuzi wake. Alisema kulishwa na jirani ni daraja la juu kabisa la kutotumia, na watu wakapiga vidole. Bwana Mtepa akamkumbusha sikioni kwamba kulishwa na jirani ni kosa la jinai. Naibu Waziri akasema ndiyo maana ni daraja la juu. Akaunda kamati.

Wakati kamati inachaguliwa mimi nilikuwa nimeshapanda jukwaani. Nilifungua lile fundo la nyuma. Bi Somoe aliniangukia begani, nikageuka, nikainama, nikavua kanga yangu ya juu. Mama Shukuru alikuwa amenifuata. Alimpandisha mgongoni kwangu, akazungusha kanga, akaikaza kifuani kama tunavyobeba watoto. Nimebeba ndoo za maji zilizokuwa nzito kuliko yeye.

Mlinzi alituzuia kwenye ngazi, akasema Mfano hatoki bila kibali. Mama Shukuru alimwambia jambo kuhusu mama yake mzazi, na amemwacha kijiji gani, na anakula nini leo. Mlinzi akaangalia chini. Tukapita.

Njia ni fupi kutoka uwanjani hadi Vibanzi, lakini siku ile niliiona ndefu. Watu waliacha nafasi tupite. Kidevu cha Bi Somoe kilikuwa begani kwangu, mdomo wake karibu na sikio langu.

“Kumbe mlikuwa mnanilisha,” akasema.

“Ndiyo, bibi.”

“Wote mlijua?”

“Wote.”

Tukapita kwenye duka. Tukapita kwenye bomba.

“Hata watoto?”

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimechoka kuwa na adabu.

“Hata watoto,” nikasema.

Nilihisi shingo yangu inalowa, na kwa mtu mkavu kama yule sijui maji yale aliyatoa wapi.

Chumbani kwake sikumrudisha. Nilimwingiza kwangu, nikamketisha kwenye mkeka, mgongo wake kwenye magunia ya nguo za Baba Hidaya. Mlango niliuacha wazi. Mama Shukuru alivuka kizingiti changu amebeba jiko lake linalowaka, mikono miwili, mchana kweupe, na mwingine akaja na nazi, na mwingine na mchele kwenye upindo wa kanga. Tulipika wali laini, moshi ukatoka nje, anayetaka kuuona auone.

Ulipopoa nikachota kijiko, nikamkalia mbele.

“Bi Somoe, hiki ni chakula,” nikamwambia. “Sikuletei uonje. Nakulisha.”

Aligeuza uso ukutani. Sikumbembeleza, wala sikukishusha kijiko. Wenzangu walisimama mlangoni wakiziba mwanga, hakuna aliyethubutu kukaa. Uchochoroni tulisikia viatu vya watu wa serikali vinakuja.

Kisha akageuka, macho ameyafumba, akafungua mdomo. Nikamlisha.